Nilivyojifunza kuvisoma visu vya kukunja visivyo na mwenyewe

Visu vya mfukoni vya viwanda vikubwa havina taabu. Kisu cha Case, cha Marekani, kilichotoka kiwandani mwaka 1970 kina nukta 10 chini ya jina, cha 1971 kina 9, na nukta ziliendelea kupungua moja kila mwaka katika muongo huo. Ukijua kuhesabu, umri wake umeshaupata. Mimi nilivutwa na vile vingine, ambavyo ukimpa mzoefu kimoja anakigeuzageuza, anakifungua, anakifunga, halafu anakurudishia bila neno.

Kilichonifungulia njia ni kuelewa kwamba jina lililogongwa kwenye ubapa mara nyingi ni la muuzaji, wala halina uhusiano na fundi. Keen Kutter, kwa mfano, lilikuwa jina la biashara la Simmons Hardware, wauzaji wa jumla wa St. Louis. OVB lilikuwa la Hibbard, Spencer, Bartlett wa Chicago. Walikuwapo wauzaji wengi wa namna hiyo, wakubwa kwa wadogo, walioagiza visu viwandani na kutaka vigongwe majina yao. Sheffield, Uingereza, mambo yalikuwa na msokoto zaidi. Chama cha mafundi visu cha huko, Cutlers' Company, kiliundwa kwa sheria mwaka 1624, na alama za mafundi zilisajiliwa kwake. Tena kulikuwa na mafundi wadogo wa kujitegemea waliokodi nafasi ya kufanyia kazi: huyu anafua, yule ananoa, mwingine anaunganisha. Kisu kinapita mikono mitatu kisha kinabeba jina la mtu wa nne.

Basi nikaanza kukisoma kisu chenyewe kabla ya kulisoma jina.

Hata hivyo chapa haiachwi. Iko kwenye kitako cha ubapa, pale unapoingilia mpinini, na ndipo uchafu na kutu hujazana. Sisugui. Natia tone la mafuta mepesi ya mashine, naliacha usiku kucha, asubuhi napangusa kwa kitambaa laini. Halafu nazima taa ya chumba na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukiwa karibu ulale sambamba na chuma. Ukizungusha kisu polepole, kuna pembe moja ambapo kingo za herufi zinatoa kivuli, na pale palipoonekana tupu panatokea mkia wa R au tumbo la S. Ikishindikana, naweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli laini. Sabuni ya kung'arishia chuma, msasa na mashine za kupolishia viko mbali na meza yangu. Ubapa wenye rangi ya kijivu iliyojijenga miaka mingi una habari ndani yake. Uliong'arishwa umeshafutwa maandishi.

Maneno machache kwenye chapa husaidia kuliko jina. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, inayoitwa ya McKinley, ilidai bidhaa kutoka nje zioneshe nchi zilikotoka, na masharti hayo yakaanza kushika mwaka 1891. Ndiyo maana neno ENGLAND au GERMANY kwenye ubapa humfanya mkusanyaji afikirie 1891 na kuendelea. Kinyume chake hakifuati: kisu chenye SHEFFIELD peke yake kinaweza kuwa cha zamani zaidi, au kiliuzwa soko ambalo sheria hiyo haikulihusu. Nacho chuma kisichoshika kutu kilianzia Sheffield kwa Harry Brearley mwaka 1913, kwa hiyo kisu chenye neno STAINLESS hakiwezi kuwa cha zama za Malkia Victoria, hata muuzaji akiapa kwa marehemu bibi yake.

Mipini ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Mfupa unajulikana kwa vitundu vidogo kama alama za sindano, vya mishipa ya damu. Ganda la lulu ni baridi ukiligusa. Seluloidi, plastiki ya zamani, ndiyo mtihani. Hutengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki pamoja na kafuri, na inapozeeka huanza kuoza na kutoa gesi zenye asidi. Gesi hiyo hula chuma cha kisu chenyewe, kisha inahamia kwa jirani. Nimewahi kufungua droo ya mkusanyaji mmoja nikakuta kisu chenye mpini mzuri wa rangi ya asali katikati, na bapa za visu vyote vilivyokizunguka zimepata kutu nyekundu upande uliokielekea. Vya pembeni kabisa, mbali nacho, vilikuwa safi. Dalili za mapema ni harufu kali puani, ukijani kuzunguka vipini vya shaba (vile vijisumari vinavyoshikilia mpini), na mpini kutoka jasho au kupasuka vipande vidogo vya mraba. Mimi naviweka visu vya seluloidi peke yake, mahali penye hewa, mbali na joto kwa sababu seluloidi hushika moto upesi mno. Na hakuna kisu changu kinacholala ndani ya ala ya ngozi. Kemikali za kulainishia ngozi huchafua shaba na kuamsha kutu.

Haya yote sikuyavumbua. Niliyapata kwa watu: mmoja anatengeneza visu vilivyovunjika, mwingine ana nakala za katalogi za zamani za wauza vifaa vya chuma, wengine ni wakusanyaji tu kama mimi. Mwanzoni tulikuwa tunatumiana picha za kisu kimelala juu ya kitambaa cha mahameli, kinapendeza, hakifundishi chochote. Tukakubaliana utaratibu. Pande zote mbili zipigwe picha. Bapa ziwe nusu wazi ili kitako kionekane. Mgongo upigwe kutoka juu ili springi, chuma cha mgongoni kinachoubana ubapa, zionekane. Rula ya milimita iwe kando, na mwanga utoke ubavuni. Kubwa kuliko yote, anayetoa maelezo atenganishe alichokiona na anachokidhani. Kwenye kadi zangu nilichokiona kinaandikwa kwa wino na dhana kwa penseli.

Utaratibu huo ulifaa sana kwa kisu kimoja cha mfupa, bapa mbili zilizofungwa upande mmoja, chapa imelika. Kwa macho ilisomeka SHEFFIELD tu. Tochi ikatoa herufi & SON, yaani "na Mwana", juu yake, na kabla ya hapo uwazi uliolika. Yule fundi aliponiomba picha ya ndani alitazama jambo ambalo mimi nisingelitazama: kichwa cha chuma kinachokaza mpini na bamba lililo chini ya mfupa ni kipande kimoja cha chuma, hakuna mshono. Kwenye visu vya baadaye hivyo huwa vipande viwili, aghalabu bamba la shaba na kichwa cha nikeli silva, ambayo licha ya jina haina fedha, ni shaba, nikeli na zinki. Dhana ya umri ikasogea nyuma.

Wiki hiyohiyo mwenye katalogi akatuletea picha ya kisu chake: ngao ileile ya umbo la yai, yaani kibati cha pambo kilichopachikwa mpinini, vipini vitatu ambavyo cha katikati kimetoka nje ya mstari kidogo, mikato ya mfupa ya mkono uleule. Chapa yake ilikuwa kamili na iliishia & SON. Tulifurahi kwa muda mfupi. Nilipopima kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu mdogo, jina lake lilikuwa refu mno kwa uwazi uliolika kwenye changu. Herufi zisingeenea hata zikibanwa. Kwa hiyo tuna visu viwili vilivyotoka, kwa kila dalili, kwenye benchi moja, vikiwa na majina mawili. Hilo lilitufaa kuliko jina, kwa sababu sasa tunatafuta kisu cha tatu chenye kile kipini kilichopinda njia, bila kujali kimeandikwa nani.

Ubishi uliobaki ni wa springi. Fundi anashikilia kwamba ya kisu changu ilibadilishwa, kwa kuwa ina mng'ao tofauti na inapiga mlio mkali zaidi ubapa unapofunga. Mimi naona kutu iliyoungana vizuri kutoka kwenye springi hadi kwenye bamba, jambo gumu kulighushi. Mwenye katalogi anapima unene wa ya kwake sehemu tatu, na mimi nimeshampa vipimo vyangu. Kwenye kadi, mstari wa springi bado ni wa penseli.