Siku yangu Tabaka, Kisii, nikichora kwenye jiwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Moto, chai, ng'ombe, watoto wa shule. Sina la kusimulia hapo, kila mama wa Kisii anayajua.

Saa mbili. Shemeji yangu analeta bakuli alizochonga jana. Jiwe la Kisii, yaani jiwe la sabuni, likitoka machimboni lina unyevu, na panga na patasi vinalikata bila taabu. Likishakauka linakuwa gumu, vumbi lake jeupe linakuingia hadi kwenye kope. Huku kwetu wanaume ndio wachongaji, wanawake ni wa msasa. Sitaki ugomvi leo, ila mgongo unaoinamia beseni haujawahi kulipwa sawa na mkono unaoshika panga.

Tunasugua ndani ya maji, mimi na wanawake wenzangu wa boma. Msasa wa namba ndogo unatangulia kuondoa alama za tupa, halafu namba kubwa, mpaka kidole kiteleze. Kazi hii inaruhusu maneno. Tunazungumza harusi, karo, nani kauza shamba. Mikono inafanya, akili iko Suneka sokoni.

Saa nne. Bakuli za juzi zimekauka na kupakwa rangi nyeusi. Nachukua msumari niliounoa na kuutia mpini, nahamia chini ya mparachichi ambapo mwanga ni mzuri. Kila mkwaruzo unatoa rangi na kuacha weupe wa jiwe. Hakuna kufuta. Ukitaka kufuta, rudi kwenye msasa, upake rangi upya, usubiri ikauke.

Bakuli la kwanza nalichora huku nikifikiria simu ya mwalimu. La pili pia. Kuanzia hapo sijui hasa ni saa ngapi mambo hubadilika.

Shida tamu iko kwenye ukingo. Nachora pembetatu mfululizo kuzunguka mdomo wa bakuli, na ya mwisho lazima ikutane na ya kwanza bila kubaki nusu. Sipimi kwa rula. Nikifika robo ya mwisho natazama nafasi iliyobaki, naanza kupanua kila pembetatu kidogo sana, au kuibana, ili jicho la mtu lisigundue palipofanywa ujanja. Wakati huo jicho haliko pale msumari ulipo, liko mbele, pale unapokwenda. Sisikii kuku, sisikii redio ya jirani. Hata mimi mwenyewe sipo, kuna ukingo tu na mahali pa kuugusa tena.

Binti yangu anasoma saikolojia chuoni. Ananiambia kuna msomi wa Marekani, Mihaly Csikszentmihalyi, aliyelichunguza jambo hili maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka 2021. Katika miaka ya 1960 aliwatazama wanafunzi wa sanaa kule Chicago wakichora hadi kusahau njaa na uchovu, kisha picha ikiisha wanaiweka kando kana kwamba si yao. Alisema mtu huzama hivyo kazi inapolingana na uwezo wake: ikiwa rahisi mno atachoka nayo, ikiwa ngumu mno ataingiwa na wasiwasi. Wale vijana hawakuwa na oda ya kumaliza Ijumaa, lakini hilo la ulinganifu naliunga mkono. Mnunuzi wangu aliomba nukta tupu. Nukta hunipa usingizi. Ndiyo maana nimejiongezea pembetatu, bila kumuuliza mtu.

Saa saba na kitu. "Wewe, chakula kimepoa!" Ni mama mkwe, na kumbe ameita mara kadhaa. "Naja, mama," najibu, lakini miguu imekufa ganzi, nasimama kwa kushika mti. Ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Ndipo njaa inaponikumbuka.

Saa tisa. Mvua, kama kawaida ya Kisii mchana. Tunakimbiza bakuli chini ya mabati. Humo ndani ni giza, siwezi kuchora, basi napaka nta na kung'arisha kwa kitambaa. Sijaribu kuilazimisha ile hali ya asubuhi irudi. Wageni wakija huizungumzia kama kipaji kinachoshuka kutoka juu, halafu wanauliza habari za Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka ambaye sanamu yake iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Namheshimu sana. Ila kwangu mimi, nipe mwanga, ukingo mgumu kiasi, na muda wa saa tatu bila kuitwa.

Saa kumi na moja jioni. Mnunuzi anafika na pikipiki na makatoni. Anageuza bakuli moja baada ya lingine, za nukta na za pembetatu, anazipanga pamoja kwenye magazeti. Anasimama kwenye moja, anauzungusha ukingo wake kwa kidole gumba.

"Mama, hizi za pembetatu niongezee oda ijayo. Na sahani pia, zile pana."

"Bei yake si ya nukta."

"Ah, mama! Si jiwe ni lile lile?"

"Basi nitakuchorea nukta."

Anacheka, anatazama mawingu, anaongeza shilingi 20 kwa kila moja. Namwambia 30. Tunakutana 25, na sahani nitaanza Jumatatu.