Sanduku letu la Sioux Falls

Nilikulia kwenye anwani isiyo na nyumba. Barua zote za kijiji chetu, nje kidogo ya Keroka, Kenya, zilipitia S.L.P. ya shule ya msingi. Ijumaa jioni mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride akisoma majina yaliyo juu ya bahasha, na mwenye jina akaipeleka nyumbani kwao. Hakuna aliyeona ajabu kwamba familia zaidi ya hamsini zilikuwa "zinaishi" ndani ya kisanduku kimoja cha chuma pale posta. Kwa hiyo mwishoni mwa 2023, mimi na mume wangu tulipoamua kuacha nyumba ya kupanga huko Minnesota na kuhamia kwenye trela, suala la anwani halikuninyima usingizi. Nilichohofia ni choo cha trela. Choo kilitupa shida wiki moja. Anwani ilitupa shida mwaka mzima.

Mimi ni muuguzi. Moraa, binti yetu, alikuwa amemaliza chuo na kujitegemea, na Baba Moraa alikuwa amestaafu kuendesha basi. Wauguzi wenzangu wengi walikuwa wakichukua kandarasi za wiki 13: unafanya kazi hospitali fulani, zikiisha unahamia jimbo jingine. Kikwazo changu kilikuwa leseni. Kila jimbo la Marekani hutoa leseni yake ya uuguzi, ila yapo majimbo yapata 40 yaliyojiunga katika mkataba uitwao Nurse Licensure Compact. Ukiwa na leseni ya mkataba huo unafanya kazi popote miongoni mwa hayo majimbo bila kuomba upya. Minnesota haimo. Na leseni hiyo haiuzwi kama vocha, hutolewa na jimbo ambalo ndilo makao yako halali.

Watu wanaoishi barabarani mwaka mzima hutajiwa majimbo matatu: Texas, Florida na South Dakota. Yote hayatozi kodi ya mapato ya jimbo, na yote yamo kwenye mkataba wa wauguzi. Tulichagua South Dakota kwa sababu mbili. Kwanza, ina utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya watu kama sisi: ukiwa na sanduku la barua huko, na risiti ya kulala angalau usiku mmoja katika moteli au kambi ya trela ndani ya jimbo, unaweza kuomba leseni ya udereva. Pili, Sioux Falls, mji wa huko South Dakota, ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka kwa dada yangu mkubwa, Brooklyn Park, Minnesota, na dada yangu si mtu wa kuachwa mbali.

Mambo yalianza Februari 2024 na Fomu 1583 ya Posta ya Marekani. Kwa fomu hiyo unairuhusu kampuni ipokee barua zako, na posta haitaki mzaha: vitambulisho viwili, na sahihi yako ishuhudiwe na notari, yaani mthibitishaji wa sahihi. Tulifanya kwa video. Notari alitutaka tuinue pasipoti karibu na shavu, mmoja mmoja, tukae hivyo mpaka picha itulie. Baba Moraa alikuwa amevaa kofia ya sufu. Akaambiwa aivue. Akauliza kama notari anajua nje ni nyuzi ngapi. Aliivua.

Kampuni yenyewe kazi yake ni nyepesi kuielewa. Barua ikifika wanapiga picha ya bahasha na kukutumia. Wewe unachagua: waifungue na kupiga picha ya ndani, waichane, au waitume mahali ulipo. Unalipa ada ya mwaka na kuweka akiba ya stempu. Anwani yako ni mtaa wao, ikifuatwa na herufi PMB (yaani sanduku la barua la binafsi) au alama ya # pamoja na namba. Kuna watu huandika "Apt" ili ionekane nyumba. Mume wangu alilipendekeza hilo pia. Nilimwambia posta hairuhusu, na mimi sijavuka bahari ili nije kubishana na posta.

Aprili tuliingia Sioux Falls. Kulikuwa na upepo wa kukuangusha, na maporomoko ya Mto Big Sioux yenye miamba ya rangi ya waridi niliyaona kupitia dirisha la gari tu. Trela tulikuwa tumeiacha kwa dada, tukalala moteli. Asubuhi tukaenda afisi ya leseni na bahasha ya karatasi: grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), kadi za Social Security, karatasi ya kampuni ya barua, kiapo cha makao, risiti ya moteli. Yule mama wa kaunta alisoma risiti, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii ina jina la bwana peke yake. Wewe ulilala wapi?"

Nilimtazama Baba Moraa. Baba Moraa alitazama dari. Usiku ule yeye ndiye alikwenda mapokezi huku mimi nikisinzia garini, akatoa jina lake, akalipa, basi. Ilibidi turudi moteli tuombe risiti nyingine yenye majina mawili. Kijana wa mapokezi aliichapa bila kuuliza chochote. Nadhani hatukuwa wa kwanza. Mnaosafiri wawili, hakikisheni hilo kabla hamjapanda kitandani.

Kile kiapo ndicho kilichonifanya nikae chini kwenye kiti cha plastiki na kusoma polepole. Kinauliza kama South Dakota ndilo jimbo unalokusudia kurudi ukimaliza safari, na kama una nyumba katika jimbo jingine. Unatia sahihi ukijua kusema uongo ni kosa. Nyumba ya Minnesota tulikuwa tumekabidhi funguo Machi, kwa hiyo hilo lilikuwa kweli. Lakini kukusudia kurudi? Mji niliouona kupitia kioo? Nilijibu ndiyo, na moyoni nikajua lazima niifanye hiyo ndiyo iwe na uzito.

Kwenye fomu ya leseni kuna pia swali la kusajiliwa kupiga kura. Ndugu zangu wenye grini kadi, hapo simameni. Grini kadi haikupi kura ya taifa wala ya jimbo, na kujisajili "kwa bahati mbaya" kumewafikisha watu mbele ya jaji wa uhamiaji. Weka alama penye hapana, kisha isome tena fomu kabla ya kuirudisha. Mimi niliisoma mara tatu, na nilimshika mume wangu kalamu ikiwa hewani.

Ili hiyo ndiyo yangu isiwe ya karatasi tu, kandarasi yangu ya kwanza niliichukua palepale Sioux Falls. Niliomba leseni ya uuguzi, nikapigwa alama za vidole kwa uchunguzi wa rekodi, na kwenye maombi nikaeleza wazi kwamba tunaishi kwenye trela na barua zetu zinapitia sanduku. Jibu lilichukua wiki kadhaa za kuuma kucha. Leseni ya mkataba ilipotoka, Juni, nilianza kazi. Kwa wiki 13 tulipata daktari, daktari wa meno, fundi wa breki, na kanisa ambalo Waswahili wa Kongo huimba ibada ya pili mpaka paa litikisike. Pikapu na trela tulizisajili kwa mweka hazina wa kaunti. South Dakota hutoza asilimia 4 ya thamani ya gari, lakini kwa kuwa Minnesota tulishalipa zaidi ya hapo wakati wa kununua, hatukudaiwa tena. Hayo yalikwenda kama maji.

Benki ndiyo iliyokwama. Nilibadilisha anwani kwenye simu, mfumo ukaikataa papo hapo: inatambua kwamba huo ni mtaa wa kampuni ya barua. Mabenki yanabanwa na sheria ya kumjua mteja, wanataka mahali unapolala. Wahudumu wanne wa simu walirudia sentensi ileile. Wa tano, alikuwa mzee kwa sauti, ndiye aliyenifungulia njia: kanuni inasema mtu asiye na anwani ya nyumba anaweza kutoa ya jamaa wa karibu au mtu wa kuwasiliana naye. Tukaandika ya dada yangu, ikiwekwa wazi kwamba ni ya jamaa, na sanduku likabaki la barua. Anwani ya Minnesota kwenye faili ilinipa wasiwasi kidogo, maana Minnesota ikikuona una makazi kwao na umekuwa huko siku 183, inakuhesabu mkazi na kukudai kodi. Lakini chumba cha dada si changu, na siku zangu nazihesabu.

Uhamiaji nao wana yao. Mwenye grini kadi akihama ana siku 10 za kuwajulisha kwa fomu AR-11, na wanataka mahali ulipo kimwili. Anwani ya barua ina nafasi yake pembeni. Ina maana kila nikibadilisha kambi kwa kandarasi mpya, fomu mpya. Hufanyika mtandaoni kwa dakika chache, ila lazima ukumbuke. Nimeweka daftari la jalada jekundu: kambi, namba ya eneo, tarehe ya kuingia na kutoka. Litanifaa pia siku ya kuomba uraia, kwa sababu fomu ile huuliza umeishi wapi miaka mitano iliyopita.

Sasa kodi, na hapa ndipo nimegombana na marafiki. Mawakala wa wauguzi hugawa malipo mafungu mawili: mshahara unaokatwa kodi, na marupurupu ya malazi na chakula yasiyokatwa. Marupurupu hayo huwa hayakatwi kodi tu kama una kile IRS, watoza kodi wa taifa, wanakiita nyumba ya kodi, yaani una makao unayoyagharimia mahali fulani, na kazi imekutoa hapo kwa muda, ukawa unalipia malazi mara mbili. Nikampelekea mhasibu karatasi zangu nikiwa na furaha: leseni ya South Dakota, nambari za gari za South Dakota, sanduku. Akaziangalia kama mtu anayetazama picha za watoto wa jirani.

"Kodi ya nyumba unalipa wapi?"

"Hatulipi. Tunaishi kwenye trela."

"Basi wewe ni mtembezi. Nyumba yako ya kodi ni popote ulipo na kazi. Marupurupu yote yanakatwa."

Sanduku lilikuwa limenipa leseni mbili na nambari za gari, lakini nyumba halikunipa. Kwenye karatasi ya wakala inayouliza kama nina nyumba ya kodi nilijaza hapana, na kila wiki mfukoni mwangu pakapungua karibu dola 300. Wenzangu wananiambia mimi ni mshamba, kila mtu huweka ndiyo. Labda. Mimi nikiona bahasha ya IRS moyo hudunda hata ikiwa ya kurudishiwa hela. Isitoshe, kutokuwa na kodi ya mapato South Dakota hakukufuati kila uendako: ukifanya kazi Arizona, Arizona hutoza asilimia 2.5 ya ulichochumia kwao. Nje ya South Dakota, nilipofanya kazi Texas tu ndipo sikuwa na jimbo la kulipa.

Mwaka huo huo, Novemba, tukiwa Tucson, Baba Moraa alikuwa akikagua picha za bahasha huku anakunywa chai. Kazi hiyo tulimpa yeye kwa kuwa ana subira. Kulikuwa na matangazo ya bima, matangazo ya vifaa vya kusikilizia, na bahasha moja nyeupe, haina nembo, haina jina la mtumaji.

"Mama Moraa, hii ni takataka, siyo?"

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, uso ndani ya mto. Nikasema ndiyo. Akabonyeza "chana". Ilikuwa kadi yangu mpya ya benki. Kadi hutumwa katika bahasha za hivyo makusudi, ili mwizi asizitambue, na sisi tukawa tumemsaidia mwizi kazi yake bila mwizi kuwepo. Kadi ya pili ilitumwa South Dakota, kampuni ikaituma Tucson kwa General Delivery, yaani unaandikiwa kwa posta kuu ya mji na unakwenda kuichukua na kitambulisho. Kambi yetu haikupokea barua za wageni. Siku tisa tuliishi kwa kadi ya Baba Moraa, naye alinipa hela ya mafuta akizihesabu mbele yangu noti moja moja. Tangu hapo, bahasha isiyo na jina tunaomba ifunguliwe kwanza. Hugharimu senti kadhaa.

Mama huwa ananipigia kutoka Keroka kila Jumapili na swali lake la kwanza halijabadilika: "Siku hizi mko wapi?" Namtajia mji. Kisha anauliza, "Na barua unapata?" Namwambia napata, kwa sanduku. Hapo huwa anaridhika, tunahamia habari za ng'ombe. Wiki ijayo tunakata kaskazini kuelekea Sioux Falls. Nina miadi ya jino, na trela inavuja mahali fulani juu ya kitanda ambapo fundi wetu wa huko ndiye pekee aliyewahi kupaona.