Siku moja maishani mwangu: kocha wa vijana walio kizuizini

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kugusa mpira nasoma daftari la zamu ya usiku: nani kagombana, nani kahamishwa bweni, nani kapata habari mbaya za nyumbani. Timu nazipanga kwa daftari hilo kuliko kwa chenga za mtu. Leo wawili wametupiana maneno makali wakati wa kulala, na kipa wetu anasubiri kwenda mahakamani kesho.

Saa 2:00. Kikao cha wafanyakazi. Mlezi wa bweni anataka wale wawili wasiguse mpira wiki nzima. Hapa mimi huwa mbishi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zile za mwaka 1990, zinasema katika kanuni ya 47 kwamba kila mtoto ana haki ya muda wa kutosha wa mazoezi kila siku, nje ya jengo hali ya hewa ikiruhusu. Kwa hiyo mazoezi si peremende ya kumpa mtoto akitulia na kumnyang'anya akikorofisha. Halafu mwenye hasira ukimfungia ndani, hasira ataimalizia wapi kama si bwenini? Tunakubaliana wacheze, ila kwanza waonane na mshauri nasaha.

Saa 3:00 hadi saa 6:00. Wao wako darasani, mimi na stoo. Vizibao, koni, mipira, na sindano ya pampu, ambayo husainiwa ikitoka na ikirudi kwa sababu ni chuma chenye ncha. Fomu sizisimulii.

Saa 9:00 alasiri. Sasa kazi yenyewe. Tunacheza soka la vipindi vitatu, lisilo na refa. Lilianzia Medellín, Colombia, miaka ya 1990, katika mji uleule ambako beki Andrés Escobar aliuawa mwaka 1994 baada ya kujifunga kwenye Kombe la Dunia. Kipindi cha kwanza timu zote mbili hukaa chini na kupatana sheria. Cha pili wanacheza. Cha tatu wanakaa tena, na kila timu inaipa nyingine pointi kwa jinsi ilivyoheshimu mapatano. Pointi hizo hujumlishwa na za mabao.

Leo wamepatana kwamba anayetukana atoke dakika 2. Unahodha ni wa kura, na hapo sirudi nyuma. Ukiwaachia wenyewe, mbabe wa bweni ndiye nahodha na wadogo ndio waokota mipira, yaani unyanyasaji uleule umevalishwa jezi. Wanaosema mpira peke yake humrekebisha kijana nadhani hawajakaa muda mrefu kwenye benchi la ufundi.

Wale wagomvi nimewaweka beki ya kati, wote wawili. Dakika za mwanzo hakuna anayemwita mwenzake, wanafungwa bao la kijinga. La pili hivyohivyo. Ndipo mmoja anapiga kelele: "Nyuma yako!" Hawajapatana, wamechoka kufungwa tu, na kwa leo inanitosha.

Baadaye mshambuliaji anaunawa mpira, anafunga, na kukana mbele ya macho yetu sote. Mpatanishi, anayewasaidia kuelewana kwa kuwa refa hayupo, leo ni kijana mwenye kifundo kilichoteguka; anasimamisha mchezo. Mabishano ni marefu kuliko mchezo wenyewe, nami najizuia nisitie neno. Bao linahesabiwa, timu yake inashinda 3 kwa 2. Kwenye kipindi cha tatu wapinzani wanaipa pointi za heshima sifuri, na jumla inageuka.

"Kocha, yaani tumeshinda halafu tumeshindwa?"

"Sheria mlizitunga nyinyi."

Ananuna mpaka bafuni.

Saa 11:00 jioni. Simu. Kijana mmoja anatoka mwezi ujao, na timu bila pa kuendelea nayo huko nje ni kumpotezea muda. Kocha wa klabu moja ananiuliza alifanya kosa gani. Namwambia anacheza winga wa kushoto, anawahi mazoezini, na kesi yake ni siri yake. Kimya. Halafu: "Mlete Jumanne, aje na mtu mzima." Mjomba wake amekubali kumsindikiza. Limebaki suala la viatu: anavaa namba 42, stoo kuna 40 na 44, na mhasibu ameshaondoka.