Wakunga sita au wanane? Hesabu ya ikama na pale inapokwama

Muulize mfawidhi (msimamizi) yeyote wa kituo cha afya kama watumishi wanamtosha, atakujibu hapana. Pengine ni kweli, ila "hatutoshi" si namba, na anayepanga bajeti anataka namba. Namba hiyo ndiyo ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika. Mojawapo ya njia zinazotumika sana kuipata ni WISN (hesabu ya hitaji la watumishi kutokana na kiasi cha kazi) ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka 1998 na kuboreshwa 2010. Haianzi na idadi ya vitanda wala ya wakazi. Inaanza na kazi yenyewe: kada hii inafanya nini, kila jambo linakula muda gani, na linafanyika mara ngapi kwa mwaka.

Tuchukue wakunga wa kituo cha kubuni, kwa namba za kubuni.

Kwanza unatafuta muda ambao mtumishi mmoja yupo kazini kweli. Wiki 52 za siku 5 ni siku 260. Toa sikukuu 12, likizo 28, ugonjwa 6 na mafunzo 4, zinabaki 210. Kwa saa 8 kwa siku, ni saa 1,680 kwa mwaka. Wengi hujipunja hapahapa: wanazidisha 260 kwa 8, wanapata 2,080, na hitaji lao linapungua karibu moja ya tano kabla hata hawajahesabu mgonjwa. Siku za ugonjwa na mafunzo zitafute kwenye rejista ya mahudhurio, usizichukue kwenye kanuni za utumishi. Kanuni husema kinachoruhusiwa. Rejista husema kilichotokea.

Kisha muda wa kila kazi. Hudhurio la kliniki ya wajawazito tulipe dakika 20, la baada ya kujifungua dakika 30, na uzazi mmoja saa 6 za mkunga. Nasema saa za mkunga, kwa sababu mama anaweza kukaa leba saa 12 huku mkunga akihudumia na wengine. Kinachohesabiwa ni mikono yake: kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kisha kila dakika 5 mama anaposukuma, kupima njia ya uzazi, kujaza chati ya uchungu, kuzalisha, kutoa kondo, kushona panapohitajika, kumwangalia mama na mtoto baadaye, na kusafisha vifaa.

Gawanya saa 1,680 kwa muda wa kila kazi. Mkunga mmoja akifanya hiyo tu mwaka mzima, atamaliza mahudhurio 5,040 ya wajawazito, au 3,360 ya baada ya kujifungua, au uzazi 280. Rejista ya kituo chetu inaonyesha 7,560, 1,680 na 700. Hiyo ni wakunga 1.5, 0.5 na 2.5, jumla 4.5.

Bado kuna kazi zisizo na mgonjwa: kukabidhiana zamu, kujaza takwimu, vikao, kuhesabu dawa. Tuseme zinakula asilimia 20 ya muda wa kila mmoja. Kosa la kawaida ni kuongeza asilimia 20 juu ya 4.5 na kupata 5.4. Sivyo. Ikiwa asilimia 20 imeliwa, kilichobaki kwa wagonjwa ni 0.8, kwa hiyo unagawanya: 4.5 kwa 0.8 ni 5.625. Tofauti inaonekana ndogo, lakini shughuli hizo zikifika asilimia 35, anayejumlisha anapata 6.1 na anayegawanya 6.9. Mwisho kuna kazi za mtu mmoja mmoja: mkunga mfawidhi anatumia saa 420 kwa mwaka kwenye usimamizi, sawa na 0.25 ya mtumishi. Jumla 5.875, yaani wakunga 6.

Mwongozo wa WISN una kanuni yake ya kukamilisha sehemu kuwa namba nzima: 1.1 inashuka kuwa 1, lakini 1.2 inapanda kuwa 2. Kuanzia 5 na kuendelea, 5.5 inashuka na 5.6 inapanda. Ina mantiki. Sehemu mbili za kumi (0.2) zikimwangukia mtu aliye peke yake zinamlemea. Wakigawana watano hazisikiki sana.

Kama waliopo ni 4, pengo ni 2 na uwiano ni 4 kwa 6, yaani 0.67. Angalia vyote viwili. Hospitali yenye wauguzi 60 ikihitaji 66 ina pengo la 6, ila uwiano wake ni 0.91. Anayegawa ajira mpya kwa kutazama pengo pekee atapeleka watu hospitalini, na kituo chenye hali mbaya zaidi kitaendelea kusubiri.

Sasa tuje kwenye kinachonisumbua katika ripoti nyingi za ikama: zinaishia hapo, kwenye 6. Hesabu yote hii inapima kazi, haipimi uwepo. Leba haifungwi usiku. Nafasi moja yenye mtu saa 24, siku 365, ni saa 8,760. Gawanya kwa 1,680, unapata watumishi 5.2 ili kiti kimoja kisiwe kitupu. Kazi ya uzazi 700 ilidai 2.5 tu. Ukiweka 5.2 za leba, ukaongeza kliniki zote mbili (2.0 gawanya kwa 0.8 ni 2.5) na ile 0.25 ya mfawidhi, unakaribia wakunga 8. Je, mkunga wa leba anaweza kusaidia kliniki mchana kukiwa kimya? Anaweza, na hapo utashuka kidogo chini ya 8. Lakini 6 inawezekana tu kama usiku fulani leba inabaki bila mkunga, au kama mtu anaunganisha zamu. Ripoti iseme wazi ni kipi kati ya hivyo viwili imekubali.

Wastani nao una hila yake. Uzazi 700 kwa mwaka ni 1.9 kwa siku, inasikika tulivu. Uchungu haufuati ratiba, na ukikokotoa kwa mgawanyo wa Poisson (kanuni ya takwimu ya matukio yasiyofuata ratiba) utapata siku kama 54 kwa mwaka zisizo na uzazi hata mmoja, na kama 17 zenye uzazi 5 au zaidi. Ikama ya wastani inatosha siku ya wastani. Hizo 17 zinahitaji mpango wake: orodha ya wa kuitwa, na nani anaacha kliniki kwenda kusaidia.

Halafu data. Rejista huandika aliyehudumiwa. Aliyekaa foleni hadi akakata tamaa akarudi nyumbani hayumo. Kwa hiyo kituo chenye upungufu mkubwa huonekana kina kazi ndogo. Saa ya kupimia nayo ina mtego: ukisimama wodini na kurekodi dakika 7 kwa hudhurio, umepima mkunga anayekimbizana na foleni, na ukiifanya 7 kuwa kiwango umeuhalalisha upungufu. Kiwango ni muda wa kazi iliyofanyika vizuri. Kiwekwe na wakunga wazoefu, kisha uchunguzi wa wodini utumike kukihakiki.

Vile vizingiti vya kimataifa, watumishi 2.28 kwa watu 1,000 katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 na 4.45 mwaka 2016, vinahesabu madaktari, wauguzi na wakunga kwa pamoja. Vinafaa kulinganisha nchi. Kwa kupanga zamu havina msaada.

Ukishajua hitaji, bado hujajua wa kufundisha. Tuseme eneo zima lina wakunga 1,000, linataka 1,500 baada ya miaka 10, na asilimia 6 huondoka kila mwaka kwa kustaafu, kuhama au kuacha kazi. Hesabu ya haraka inasema 50 za kuongeza na 60 za kufidia, jumla 110 kwa mwaka. Hazitoshi, maana hata wapya wanaondoka, na kundi linavyokua ndivyo wanaoondoka wanavyoongezeka. Inayofika ni ajira 125 kila mwaka. Wanaoondoka wakiwa asilimia 9, zinakuwa 164. Ndiyo maana napenda kuona kiwango cha kuondoka kimekokotolewa kutoka orodha ya mishahara ya miaka kadhaa, badala ya kukisiwa kikaoni.

Vyuoni, kama wanafunzi 3 kati ya 4 wanahitimu na 4 kati ya 5 wa wahitimu wanaajiriwa, kila 100 wanaodahiliwa wanatoa waajiriwa 60. Ajira 125 zinadai udahili wa 209 au zaidi. Mafunzo yakiwa ya miaka mitatu, waliodahiliwa mwaka huu hawataonekana kwenye mgawo wa zamu kabla ya mwaka wa nne. Miaka hiyo mitatu ya mwanzo itazibwa na wahitimu waliokwisha kuwepo mitaani bila ajira, kama wapo na kama fedha ya mishahara imetengwa.