Nilimfinya

Wiki hii nimehamishiwa idara mpya, shemeji kajifungua salama, Mama karuhusiwa kutoka hospitali, lakini kinachoninyima usingizi ni maneno ya mdogo wangu.

Mnajua tangu mwaka jana hasali tena; nililia hapahapa. Juzi tukiosha vyombo nikamuuliza, "Kwani nani alikuudhi?"

Akaendelea kusugua sufuria. "Hakuna, dada. Unakumbuka uliponifinya?"

Nilikumbuka papo hapo. Alikuwa na miaka saba. Waumini walijaa nyumbani kumwombea kitinda mimba wetu, yule aliyeishi siku tisa. Katikati ya dua akainua kichwa, akauliza kwa sauti, "Kama Mungu alimtaka, mbona alimleta?" Nikamfinya pajani, nikaizungusha ngozi, mpaka machozi yakamtiririka kimya. Watu wakadhani analilia msiba.

"Sikukasirika," akasema. "Nilijua tu kwamba pale hapaulizwi kitu."

Pale. Hakusema hapa, hakusema kwetu. Naosha uso, nalisikia. Napanda ngazi za kazini, nalisikia. Pale.

Kaka ananituliza kwa Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 18: mtu ana haki ya kubadili dini yake. Najua, na haki hiyo sijamnyima. Nimesoma hata utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliotoka 2025, wa nchi 36. Korea Kusini, nusu ya watu wazima hawamo tena katika dini waliyolelewa. Na duniani wengi wanaotoka hawahamii dini nyingine, wanabaki bila dini. Nimezisoma zile asilimia moja moja nikimtafuta mtoto wa miaka saba.

Jana usiku nikamkuta kando ya kitanda cha Mama. Macho ya Mama hayasomi tena, basi yeye ndiye anamsomea sala, taratibu, bila kuruka mstari, kwa sauti ileile ya marehemu Baba. Mwishoni hakusema amina. Mama akaisema, akampapasa kichwa.

Nikamfuata ukumbini. "Nisamehe kwa siku ile. Na lile swali lako, hata mimi jibu lake sina."

Akanitazama kitambo. "Kumbe ulilisikia," akasema, akanikumbatia. Nimelala usingizi wa kwanza tangu juzi.

Sasa vidonge vya Mama vya presha vimebaki vinne, na karatasi ya daktari siioni. Mkoba nimeupekua mara mbili.