Mũrang'a ndiyo mtihani wangu wa fonti

Shosho alipofariki tulienda kuprinti kijitabu cha mazishi River Road, Nairobi, nikamwachia jamaa wa kompyuta kila kitu, picha, historia, nyimbo, nikasema leo sina nguvu ya kubishana na mtu juu ya fonti. Nilikosea. Kijitabu kilitoka na zile herufi za mikunjo za kadi za harusi, na kila palipoandikwa jina la kaunti, Mũrang'a, ile ũ ilikuwa imetoka fonti ingine kabisa, nene, nyeusi, imesimama kati ya wenzake kama mtu amekuja harusini na gambuti. Watu wanalia, mimi nimekwama kwa ũ.

Venye inaendanga ni hivi, fonti ni faili ya michoro ya herufi, na kama aliyeitengeneza hakuchora ũ (kwa Unicode, ile orodha inayopea kila herufi namba yake kwa kompyuta, ni U+0169, ĩ ni U+0129) kompyuta haikwambii kitu, inaenda tu kuazima kwa fonti jirani. Kuna fonti kibao za bure zina é ya Wafaransa na ñ ya Wahispania, lakini sisi Wakikuyu na Wakamba, tuombe jirani.

Basi nikafungua FontForge, programu ya kuchora fonti ambayo hailipishwi, nikaanza kuchora yangu. Huu ni mwaka wa tatu, nachora usiku nikimaliza menyu na mabango ya wateja. Wachoraji wa ng'ambo wakipima fonti huandika neno Hamburgefonstiv kwa sababu limebeba maumbo mengi pamoja. Mimi huandika Mũrang'a. Iko na ũ, iko na g na mkia wake, na iko na ng', hiyo sasa ndiyo balaa. Kwa Kiingereza ile alama mara nyingi inaonyesha tu kuna herufi imerukwa, ikiacha mwanya kidogo hakuna anayeshtuka, lakini kwetu ng' ni sauti moja, sasa ng'ombe akitoka na mwanya katikati ni kama amechinjwa tayari.

Halafu kuna a. Kiingereza kinatumia e kuliko herufi zote, Kiswahili ni a, we angalia tu barabara, karatasi, wanakaa. A yako ikiwa na tumbo baya kidogo tu, ukurasa mzima unaumwa. Nimeichora mara kumi na moja walahi. Na maneno kama kwaya na vyakula, hizo k, w, v na y zimeinama kila moja na upande wake, ukiziacha zinaachana mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la pili, kwa hivyo unasogeza jozi moja moja, hiyo ndiyo kerningi, na hapo ndipo wiki huishia. Q na x nilizichora jioni moja, zitanisamehe.

(Ile fonti ya Comic Sans, ya herufi za katuni, msiniulize. Vincent Connare aliichora Microsoft 1994 baada ya kuona mbwa wa katuni anaongea kwa Times New Roman, fonti ya barua za ofisi, na alikuwa sawa kabisa. Mwenye makosa ni landilodi anayeiandikia notisi ya kodi.)

Mwezi jana nilimpelekea yule jamaa wa River Road faili kwa flashi. Akaiweka, akaandika Mũrang'a, ũ ikakaa pake, ng' ikashikana, mimi nimenyamaza tu nyuma yake. "Hii ni poa, bosi," akasema, halafu akashika kona na mausi akaivuta upana mpaka ikajaza bango.