Nilivyochagua kiti cha dirishani na kuiona milima ya Himalaya

Nilipokata tiketi ya ndege ya kutoka Delhi kwenda Kathmandu, jambo lililonishughulisha kuliko nauli na uzito wa mizigo lilikuwa upande wa kukaa. Wasafiri wengi huomba kiti cha dirishani bila kutaja upande, kana kwamba madirisha yote yanatazama mahali pamoja, ilhali katika safari hii abiria wa upande mmoja huiona milima ya Himalaya na wenzao wa upande wa pili huambulia tambarare.

Nilianza na ramani. Miji hiyo miwili inakaribiana sana kwa latitudo, kwa hiyo ndege huelekea mashariki, na milima iko kaskazini mwa njia yake, yaani mkono wa kushoto wa abiria. Hata hivyo, ndege haifuati mstari ulionyooka kati ya mji na mji, hivyo nikafungua programu ya Flightradar24 na kutazama njia zilizopitiwa na ndege za safari hiyohiyo katika siku zilizotangulia. Zote zilikuwa zimeiacha milima kushoto, nami nikaridhika.

Baada ya hapo nililifikiria jua, ambalo kwa maoni yangu ndilo huamua zaidi utakachokiona, ingawa ni wachache wanaolikumbuka. Dirisha la ndege limetengenezwa kwa plastiki ngumu yenye tabaka kadhaa, na jua likilipiga moja kwa moja, kila mkwaruzo na kila alama ya kidole hung'aa hata mandhari ya nje ikafifia. Nilikuwa nasafiri mwezi Novemba, na katika majira hayo jua la eneo hilo huwa upande wa kusini mchana kutwa. Maana yake ni kwamba upande wa kushoto ungekuwa kivulini, na papo hapo miteremko ya milima inayotazama kusini ingekuwa imeangaziwa vizuri. Novemba yenyewe niliichagua kwa makusudi, kwa sababu mvua za masika ya huko, ambazo hunyesha takriban kuanzia Juni hadi Septemba, huwa zimekwisha na anga imetakata.

Suala la safu halikunichukua muda mrefu. Katika ndege yenye njia moja ya kupita katikati, herufi A huwa dirisha la kushoto na F la kulia. Katika ndege pana dirisha la kulia mara nyingi huwa K. Viti vya katikati ya ndege hukaa juu ya bawa, na nyuma yake hewa ya moto itokayo kwenye injini huifanya mandhari icheze kama inayotazamwa juu ya makaa. Kwa hiyo nilitaka kiti kilicho mbele ya bawa. Hapo palihitaji uangalifu kidogo, kwani katika ndege nyingi za Boeing 737 kuna safu ya upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, isiyo na dirisha kabisa kwa kuwa mabomba ya hewa hupita ndani ya ukuta. Nikasogea safu kadhaa mbele zaidi, nikachukua 7A mara tu kampuni ya ndege ilipofungua uchaguzi wa viti.

Tulipokuwa angani, mstari mweupe ulijitokeza juu ya ukungu wa tambarare, nami kwa dakika kadhaa niliudhania kuwa wingu, mpaka nilipobaini kwamba kingo zake hazibadiliki. Ilitangulia Dhaulagiri yenye mita 8,167, ikafuata Annapurna yenye mita 8,091, kisha Manaslu yenye mita 8,163, na kwa kuwa nilikuwa nimeukariri mpangilio huo kutoka magharibi kwenda mashariki, niliweza kuitambua milima hiyo bila kumuuliza mhudumu. Everest iko mashariki zaidi ya Kathmandu, na anayeitaka hasa hupanda ndege za utalii zinazoruka asubuhi kutoka mji huohuo. Chini ya dirisha langu, kuzunguka kile kitundu kidogo cha kupitishia hewa, theluji nyembamba ilikuwa imeganda mfano wa unyoya, ikanilazimu kuinua kamera juu yake na kuikaribiza kwenye plastiki ili kuepuka mwako wa taa za ndani.

Kabla ya kutua tulizungushwa angani tukisubiri zamu, na katika kugeuka huko hata abiria wa upande wa F walipata kuiona milima kidogo. Hiyo ilikuwa bahati yao, wala si jambo la kutegemewa. Kwa safari ya kurudi nilihamia upande huo wa F, nikaongeza sharti moja: ndege iondoke kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mawingu hujikusanya mlimani kadiri ardhi inavyopata joto.